Alphard 2.4 baada ya miaka miwili: wese, oili, tairi, yote nimeandika kwenye daftari

Kila wiki nakutana na mtu ananiuliza "hivi hiyo gari inakulaje?" na nikimjibu naona hajaridhika, maana mtaani majibu yapo mawili tu, mwenye nayo anakwambia haili kabisa inakwenda kama IST, asiye nayo anakwambia usiiguse hiyo itakufilisi, na wote wawili hawajawahi kupima. Mimi nimepima. Nina daftari dogo la mistari linakaa kwenye dashibodi, kalamu nimeifunga kwa uzi isipotee, kila nikijaza mafuta naandika tarehe, kilomita, lita na bei, na kila kitu kikitengenezwa naandika. Miaka miwili na miezi mitatu sasa. Naandika hapa kwasababu najua kuna baba au mama mwenye watoto watatu wanne sasa hivi anapiga hesabu usiku na hapati mtu wa kumwambia ukweli wa namba.

Gari yenyewe ni Toyota Alphard kizazi cha pili, ANH20, ya 2009, petroli, injini 2AZ-FE cc 2362, silinda nne, gea CVT (otomatiki isiyo na hatua za spidi), siti nane, rim 16. Kizazi hiki kilitengenezwa kuanzia 2008 mpaka mwanzoni mwa 2015, kwahiyo kama unaangalia ile mpya yenye mdomo mkubwa ya 2015 kuja juu hiyo ni habari nyingine, na ile ya 2002 mpaka 2008 nayo ni nyingine ingawa 2.4 yake ni injini hiyo hiyo, ila gea ya ile ni ya kawaida ya spidi nne.

Kilichonifanya ninunue sio urembo. Kwetu tupo saba, mimi na mama watoto, watoto watatu, dada anayetusaidia na mama yangu mzazi ambaye magoti yamechoka. Kwenye IST Jumapili nilikuwa napiga tripu mbili kanisani, na mama kila akishuka lazima ashike mlango kwa mikono miwili, mimi nimshike kwapani, yani ilikuwa inaniuma. Hii mlango wa pembeni unateleza wenyewe, ngazi ipo chini, anaingia anakaa, anasema "twende". Hilo peke yake kwangu lina thamani ambayo haipo kwenye daftari, lakini nisingekuwa muungwana nikikwambia ununue kwa sababu hiyo bila kukupa gharama.

Tuanze na namna ya kupima maana hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Ukifika sheli ukasema "weka ya elfu hamsini" huwezi kujua gari inakula nini hata siku moja, kwasababu bei inabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wakitangaza, Agosti 2022 petroli Dar ilifika 3,410 kwa lita, Januari 2025 ilikuwa 2,793, sasa elfu hamsini ya mwezi huu na ya mwezi ule sio lita zile zile, mtu anasema "siku hizi gari imeanza kula" kumbe bei ndo imepanda. Unachotakiwa kufanya ni hivi, jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, usimwambie yule dada aendelee kukandamiza kandamiza, rudisha tripu sifuri, tembea mpaka ukaribie robo tenki, rudi sheli ile ile ikiwezekana pampu ile ile, jaza mpaka ijikate tena. Lita zilizoingia ndo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Usifanye mara moja, fanya mara tano ndo useme kitu.

Kile kioo cha gari kinachoandika wastani wa kilomita kwa lita nakiangalia pia, kwangu kinapendelea. Kinaniandikia 7.4 wakati daftari linasema 6.7. Usipigie bajeti kwa kile kioo.

Sasa namba. Naishi Tegeta, kazi ipo Posta, natoka na watoto nawashusha shule njiani, narudi jioni. Kwenda na kurudi na mizunguko ya shule ni kama kilomita 56 kwa siku. Wiki ya kawaida yenye shule na foleni, nimeandika hivi: kilomita 338, lita 50.4. Hiyo ni 6.7 kwa lita. Wiki nyingine 6.5, nyingine 6.9, ukichukua zote za mwaka mzima za mjini inakaa hapo hapo 6 na pointi. Halafu angalia hii, Juni shule zimefungwa, njia ile ile, dereva yule yule, AC ile ile: kilomita 361, lita 45.1. Hiyo ni 8.0 kamili.

Gari haikubadilika. Kilichobadilika ni muda niliokaa barabarani, siku za shule kutoka Tegeta mpaka Posta asubuhi naweza kutumia saa moja na dakika hamsini, na pale walipokuwa wanachimba njia ya mwendokasi ndo kabisa, likizo natumia dakika hamsini. Gari ikiwa imesimama injini inanguruma na AC ya mbele na ya nyuma zote zinapuliza inakunywa karibu lita moja kwa saa bila kutembea hata mita moja. Na kila ukisogea unanyanyua mzigo wa karibu tani mbili kutoka kwenye kusimama, mita kumi, breki, mita kumi, breki. Kwahiyo mtu akikuuliza Alphard inakula kiasi gani muulize kwanza wewe unaishi wapi na unatoka saa ngapi. Mimi tangu nione hizo namba naondoka saa kumi na moja na nusu badala ya saa kumi na mbili na robo, watoto wanamalizia usingizi siti ya nyuma, na hiyo peke yake imenipa karibu nusu kilomita kwa lita. Hakuna plagi wala dawa ya kumwaga kwenye tenki itakayokupa hiyo.

Kwa mwezi mmoja wa kawaida natembea kilomita kama 1,400, lita 205 hivi, ukiweka bei ya 3,000 ni laki sita na elfu kumi na tano. Sitaki kupamba, hiyo ni hela nyingi, IST yangu kwa njia hiyo hiyo ilikuwa nusu yake na kidogo. Kama unaendesha peke yako kwenda ofisini kila siku na familia inapanda mara moja kwa wiki, gari hii itakutesa na nakwambia kabisa usinunue, tafuta ndogo.

Lakini njoo barabara kubwa. Nyumbani ni Marangu. Mwaka jana Juni tulikwenda kwenye msiba, tulikuwa wanne tu, napitia Bagamoyo natokea Msata, Segera, Korogwe, Same, nikajaza sheli ya kwanza tu kuingia Moshi: kilomita 512, lita 48.8. Ni 10.5 kwa lita, na nilikuwa natembea 90 mpaka 95, vijijini 50 kama kibao kinavyosema. Desemba tulikwenda wote saba, mabegi ndani, juu nimefunga keria ina magunia mawili na baiskeli ya mtoto, ile ile njia: lita 55.1. Ikashuka mpaka 9.3. Ile keria inapigana na upepo njia nzima, unausikia kabisa ule mluzi kuanzia unapovuka 80. Sasa wakati wa kurudi keria ilikuwa tupu, na ukitoka Moshi kuja Dar unashuka kuelekea baharini, ungetegemea inywe mafuta kidogo kabisa, lakini nilikuwa nawahi kazini nikawa napiga 110 mpaka 120 pale panapofunguka: lita 53.3, yani 9.6. Mwendo ulikula faida yote ya mteremko. Nilifika kama dakika arobaini mapema. Sijarudia.

Hebu hesabu hiyo ya Desemba. Kwenda na kurudi lita 108 na kidogo, kwa bei ya 3,000 ni laki tatu na ishirini na tano. Mwaka wa nyuma yake tulipanda basi, 35,000 kwa kichwa, watu saba kwenda na kurudi laki nne na tisini, hapo sijaweka bajaji za mizigo na gari ya kutupandisha kutoka Himo mpaka nyumbani. Ndio maana nasema hii gari ni ya kuhesabu kwa viti. Kwa viti saba vilivyojaa kila mtu anatumia mafuta kidogo kuliko kwenye kigari kidogo chenye watu wawili, na kwa kiti kimoja ni hasara tupu.

Kitu ambacho kilinifungua macho kuliko vyote ni thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa napata 6.1, mara 5.9, nikaanza kuamini maneno ya mtaani. Asubuhi moja nikawa naangalia mshale wa joto, nimetoka Tegeta umelala chini, Mbezi Beach umelala, Mwenge ndo kwanza umenyanyuka kidogo na tukiachia foleni ukarudi chini. Nikampelekea fundi mwingine, akafungua bomba la rejeta akanionyesha: thamostati haipo. Mwenye gari wa kabla yangu, fundi wake aliitoa "ili isichemke", na huu ni ugonjwa wetu wa gereji za mtaani, gari ikichemka badala ya kutafuta kwanini, wanang'oa thamostati. Sasa bila thamostati maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inadhani bado ni baridi ya asubuhi inaendelea kuongeza mafuta. Unakuwa unachoma wese la kuwashia gari saa nzima. Nikanunua thamostati mpya, nikamwaga maji ya bomba yaliyokuwemo yameshakuwa rangi ya chai, nikaweka kulanti, jumla laki moja na elfu arobaini na tano. Tenki lililofuata 6.6, linalofuata 6.7. Hiyo hela ilirudi ndani ya miezi mitatu minne. Kama una Alphard, Noah, Vanguard, chochote, kesho asubuhi angalia mshale wako ukiwa njiani, usipofika katikati na ukatulia hapo kuna mtu amekuibia thamostati.

Vitu vingine vidogo ambavyo daftari limeonyesha: upepo wa tairi, nilikuta zote nne zipo 26 na 27 wakati stika ya mlangoni ya dereva imeandika zaidi ya hapo, nikajaza sawasawa nikaona mabadiliko madogo ila yapo. Chujio la hewa, vumbi la Goba na Madale wakati wa kiangazi linaliziba haraka, nalipuliza kila mwezi na kubadilisha kila sevisi ya pili. Plagi za iridiamu nilibadilisha zote nne, laki mbili na ishirini, kwenye mafuta sikuona tofauti ya kusema, ila ile kutetemeka ikiwa imesimama iliisha. Sitakudanganya kwamba plagi zimeniokolea wese.

Na kuna siku daftari liliniokoa. Nilijaza sheli moja ambayo sio ya kawaida yangu, nimetembea kilomita 268 tu, taa haijawaka, ikaingia lita 55. Tenki la hii gari ni lita 65. Ukigawanya ni 4.9 kwa lita, haijawahi kutokea hata kwenye foleni mbaya ya mvua. Nikalipa, sikubishana maana sina ushahidi, tenki lililofuata nikajaza sheli yangu ya kila siku ikarudi 6.7 kama hakuna kilichotokea. Sijaenda pale tena. Siku hizi kabla ya kusema lolote naangalia kwanza stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu kama ipo na ni ya mwaka huu. Mtu anayenunua kwa "weka elfu hamsini" angeondoka pale analaumu gari.

Oili sasa, na hapa nisome vizuri. Injini za 2AZ-FE za miaka ile zinajulikana kupunguza oili, zile pete za pistoni za kukwangua oili zinaziba kwa masizi zinashindwa kurudisha oili chini, inapanda inaungua. Sio zote, na sana sana zile zilizokaa muda mrefu bila kubadilishwa oili. Haitoi moshi wa kutisha mwanzoni, haivuji chini, inapungua kimya kimya, na mtu anayesubiri taa ya oili iwake ndo aangalie anakuwa ameshachelewa. Yangu inashuka kama robo lita kila kilomita 2,000, nimeizoea. Kila Jumamosi asubuhi kabla haijawashwa mtoto wangu wa kwanza anavuta dipstiki, anaifuta kwa kitambaa, anaingiza tena, anavuta, ananiambia "baba ipo katikati ya vidoti" au "imekaribia cha chini". Ana miaka kumi na moja na anaijua kuliko baadhi ya watu wazima. Natumia 5W-30, nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuvusha, nanunua galoni la lita nne na ya lita moja pembeni, iliyobaki ndo ya kuongezea. Sevisi moja na chujio lake na hela ya fundi inanikalia laki moja na themanini na tano. Ukienda kununua hii gari muulize mwenye nayo anabadilisha oili kila kilomita ngapi, akikwambia elfu kumi shukuru uondoke.

Gea ya CVT nayo usiifanyie mchezo. Inataka oili yake maalumu ya CVT, sio ATF, ile oili ya gea za otomatiki za kawaida. Kwenye gereji moja nilikuta fundi ameshafungua galoni la ATF ananiambia "oili za gea zote ni moja mkuu", nikamzuia mkono. Ile CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, ukiweka oili isiyo yake mkanda unateleza, unakwaruza, na gea nzima ni mamilioni. Nilimwaga na kuweka sahihi, laki tatu na sitini, nitarudia nikifika kilomita 40,000 toka hapo.

Bodi ya chini kwa barabara zetu inalia. Hii gari ipo chini na ni nzito, matuta ya mitaani ukiwa umejaza unasikia tumbo linakwaruza, kwahiyo nayakata kwa pembeni pole pole. Mwaka wa kwanza shokapu za mbele, stebilaiza linki na bushi zilinikalia laki sita na ishirini, spea nilinunua Gerezani, bushi na linki mpya, shokapu mtumba wa Japan. Kama unachagua kati ya rim 16 na 18 kwa ajili ya familia chukua 16. Zile 18 zinapendeza lakini ukuta wa tairi ni mfupi, shimo moja unapasua tairi au unapinda rim, na tairi zake ni ghali. Zangu ni 215/65 R16, mwaka wa pili nilibadilisha zote nne mpya, 240,000 moja, laki tisa na sitini jumla, na za zamani zilikuwa zimekwisha pembeni kwasababu sikupima alaimenti baada ya kubadilisha bushi. Hiyo ni elfu thelathini ya alaimenti iliyonigharimu tairi, wewe usifanye hivyo.

Mwaka wa kwanza wote nimejumlisha hivi. Kilomita 16,900. Mafuta milioni saba na laki moja. Matengenezo yote, sevisi tatu, gea, plagi, thamostati, shokapu na bushi, milioni moja na laki tisa. Bima kubwa milioni moja na laki tatu, maana nimekata ya asilimia 3.5 ya thamani ukiweka na VAT, ukitaka ile ndogo ya kulipa wengine tu ni 118,000 lakini kwa gari unayobebea familia na uliyoinunua kwa jasho sikushauri. Jumla milioni kumi na laki tatu, ambayo ni kama shilingi 610 kwa kila kilomita. Angalia mafuta yalivyobeba, karibu asilimia sabini. Watu wanaogopa spea, spea zipo, Kariakoo na Ilala zimejaa, na injini hii imetumika kwenye magari mengi ya Toyota kwahiyo fundi yeyote anaifahamu. Kinachokula mfuko ni pampu ya sheli kila wiki, polepole.

Kitu kingine ambacho wengi wamesahau, ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Watu tulifurahi. Lakini maana yake gari yenye kiu inalipa zaidi, kwa lita 205 kwa mwezi ni 8,200, karibu laki moja kwa mwaka unailipa kidogo kidogo bila kuiona. Na kama unaagiza mwenyewe Japan kumbuka cc zikivuka 2000 ushuru wa bidhaa unapanda kuwa asilimia 10, na gari ikivuka miaka kumi kuna nyingine ya uchakavu asilimia 30 juu yake, kwahiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hela popote. Bei ya kwenye mtandao wa wauzaji wa Japan sio hata nusu ya safari.

Kuhusu gesi, najua utauliza. Nimeifikiria sana. Gesi asilia, kilo moja imekuwa ikiuzwa 1,550 na inakupeleka mbali kuliko lita moja ya petroli, chuo cha DIT wanafunga mfumo, na kwa kilomita zangu za mjini hela ya kufunga ingerudi ndani ya mwaka. Kilichonizuia ni mtungi. Kwenye Alphard unakaa nyuma, na nyuma yangu ni siti za bibi na wajukuu wake au mabegi, hakuna nafasi ya tatu. Halafu foleni za kujaza, na nikitoka kwenda Marangu huko mbele sheli ya gesi siioni. Kama wewe ni wa mjini tu na siti za nyuma kabisa hutumii, funga, mimi ningefunga.

Usikubali mtu akushawishi uchukue ya 3.5. Shemeji yangu anayo, 2GR-FE V6, nguvu ipo, kupanda Himo kwenda Marangu na watu nane unakanyaga kidogo tu inaruka, ile gea ya spidi sita ni tamu. Nilimfundisha kupima, mjini anapata 5.2 mpaka 5.5. Kwa foleni zetu ule uwezo hauutumii popote, unalipia injini ya kusimamia Mwenge. Ya 2.4 kwenye mlima ikijaa inalalamika, inapandisha sauti sana kama CVT zinavyofanya, unavumilia dakika ishirini basi.

Kwa familia ya watu sita kwenda juu, inayosafiri pamoja, yenye mzee nyumbani, mimi ningeinunua tena hii hii, 2.4, rim 16, na ningechagua yenye historia ya oili kuliko yenye rangi nzuri. Kwa watu wanne, Wish au Noah ya cc 2000 inatosha na utabaki na chochote mfukoni kila mwezi. Siku ya kwenda kukagua washa ikiwa imepoa kabisa, vuta dipstiki mwenyewe, iendeshe nusu saa nzima uone mshale wa joto unapanda na kutulia, fungua na funga milango ya umeme mara kumi kila upande usikilize kama kuna kukwama maana mota na waya wake sio bei ndogo, na panda tuta moja ukiwa umejaza watu.

Jana jioni nimejaza Tegeta. Kilomita 345, lita 50.6, wiki nzima ya mvua. 6.8.